Kitalu nyumba cha mama na magurudumu ya Tiberio



Nimekuwa kimya hapa kwa muda. Kazi za gazetini zimenibana, na wikiendi tatu mfululizo nimekuwa Tengeru kwa mama nikichimba mitaro. Ndiyo, mitaro. Mikono hii iliyozoea kalamu sasa ina malengelenge. Kisa chenyewe kina aibu kidogo, lakini nikiwaficha ninyi nitamwambia nani?

Miaka mitatu iliyopita, nikiwa ndiyo kwanza nimeajiriwa, niliandika makala kuhusu kilimo cha kisasa cha kwenye vitalu nyumba. Ilikuwa na kila kitu: kijana mwenye tabasamu, nyanya nyekundu, na hesabu ya mapato ya mwezi ambayo nilipewa na muuzaji wa vitalu nikainakili kama ilivyo. Mhariri aliipenda. Mama aliipenda zaidi. Alikuwa amestaafu ualimu mwaka uleule, kiinua mgongo kiko benki, na mwanaye aliyesoma chuo kikuu ameandika gazetini kwamba kitalu nyumba ni mkombozi. Angesita vipi? Akanunua. Mita 8 kwa 15, mabomba ya chuma yaliyosimikwa kwenye zege, nailoni nyeupe pande zote, mlango wenye kufuli. Zaidi ya shilingi milioni 5 zikaenda.

Msimu wa kwanza tulikula nyanya hadi tukazichoka. Wa pili ulikuwa hivi hivi. Wa tatu, miche ikiwa na maua, ikaanza kulegea mchana huku majani bado ni ya kijani. Jioni inajiinua kidogo, kesho inalegea tena, baada ya siku chache imelala moja kwa moja. Jirani yetu, bwana shamba mstaafu, alikuja akakata shina moja na kulining'iniza kwenye glasi ya maji safi. Tukasubiri. Uzi mweupe kama maziwa ukaanza kushuka taratibu kutoka kwenye shina.

"Mnyauko bakteria," akasema. "Pole, mwalimu. Huyu akishaingia kwenye udongo, anakaa miaka."

Mama hakunilaumu. Afadhali angenilaumu. Aliniuliza tu, "Sasa baba, haya mabomba tunayapeleka wapi?"

Sikuwa na jibu. Basi nikafanya kitu pekee ninachokijua, nikaanza kutafuta hiki kitu kilitoka wapi, nani alikibuni, na alikuwa anatatua shida gani. Nilipaswa kufanya hivyo kabla ya kuandika ile makala, najua.

Tuanzie Roma. Tiberius, yuleyule ambaye Biblia ya Kiswahili inamwita Tiberio Kaisari, alitawala kuanzia mwaka 14 hadi 37 baada ya Kristo, na alikuwa na ugonjwa wa matango. (Wataalamu wa leo wanabisha kwamba yalikuwa jamii ya matikiti, tuwaachie wenyewe.) Pliny, mwandishi wa Kirumi aliyekufa mwaka 79 Vesuvius ilipolipuka, anaeleza kwamba karibu kila siku Tiberius alitaka tunda hilo mezani. Watunza bustani wake walipanda kwenye vitanda vyenye magurudumu. Jua likiwaka wanavisukuma nje, baridi ikija wanavirudisha chini ya fremu zilizofunikwa kwa jiwe linalopitisha mwanga. Jiwe hilo ni aina ya jasi inayopasuka kuwa vipande vyembamba kama karatasi, na lililosifika zaidi lilichimbwa karibu na mji wa Segobriga, Hispania.

Yakumbukeni hayo magurudumu. Mimi niliyapita mara ya kwanza kama kichekesho cha mfalme.

Kisha ikaja enzi ya kioo, nayo tuipite haraka kwa sababu haikutuhusu sana. Kioo ni kizito, kinataka msingi na fundi. Uingereza ilikitoza ushuru tangu 1745, na ulipofutwa mwaka 1845 nyumba za kioo zikachipuka kama uyoga. Mwaka 1851 Joseph Paxton, ambaye kazi yake ilikuwa kutunza bustani, aliwajengea Waingereza jumba zima la maonyesho kwa kioo na chuma pale London. Bustani ya kioo ikawa alama ya tajiri. Na ikawa imekita mizizi mahali pamoja. Huwezi kuisukuma.

Nailoni iliingia kwa ajali. Machi 1933, kwenye maabara ya kampuni ya ICI huko Winnington, Uingereza, wakemia wawili, Eric Fawcett na Reginald Gibson, walikuwa wanakandamiza gesi kwa nguvu kubwa mno wakitafuta kitu kingine kabisa. Walipofungua chombo wakakuta unga mweupe wa kuteleza kama nta. Ndiyo polithini, hii tunayoiita nailoni madukani ingawa nailoni halisi ni kitu kingine. Haikupelekwa shambani. Vita Kuu ya Pili ilipoanza ilitumika kufunika nyaya za rada. Vita ilipokwisha, ndipo dunia ikajikuta na viwanda vya plastiki vinavyotafuta wateja.

Hapo ndipo anapoingia mtu ambaye nimempenda, Emery Myers Emmert, mwalimu wa kilimo cha bustani Chuo Kikuu cha Kentucky, Marekani. Alitaka nyumba ya kioo kwa ajili ya utafiti, lakini kioo kilikuwa ghali kuliko mfuko wake. Mwaka 1948 akatengeneza fremu ya mbao na kuitandaza karatasi ya plastiki iliyotokana na mimea, baadaye akahamia polithini. Watu wa fani hii wanamtaja kama mwanzilishi wa kilimo cha plastiki. Lakini soma tena kisa chake: mtu alikosa hela ya kioo akatumia alichokuwa nacho. Nyumba ile ilikuwa ya fukara, nyepesi, ya kufumua na kufunga upya.

Lakini kwa nini inafanya kazi? Shuleni tulifundishwa kwamba kioo kinanasa joto la jua lisitoke. Mwaka 1909 Robert Wood, mwanafizikia wa Baltimore, alitengeneza visanduku viwili, kimoja akakifunika kwa kioo na kingine kwa bamba la chumvi ya mawe, ambalo linaachia joto la mnunurisho lipite. Vyote viwili vikapata joto karibu sawa. Maana yake, kazi kubwa ya kifuniko ni kuzuia hewa iliyopashwa moto isipande na kuondoka. Polithini nayo inapitisha joto hilo kwa wingi, na bado ndani panachemka. Fungua pembeni, hewa ipite, na joto linakwisha. Paa linabaki.

Niliposoma hapo niliweka kitabu chini. Kitalu cha mama kilikuwa kimefungwa pande zote.

Tengeru haina baridi kali jamani! Iko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Julai utavaa sweta, lakini barafu ya kuua nyanya haipo. Adui wa nyanya pale ni mvua. Masika ya Machi hadi Mei, majani yakiwa yamelowa siku nzima, bakajani inafagia shamba ndani ya wiki moja, na ndiyo maana bei ya nyanya sokoni hupanda kipindi hicho. Tulihitaji mwavuli, tukauziwa jiko. Saa saba mchana wa Januari ndani ya kile kitalu huwezi kumaliza kufunga mistari miwili ya kamba. Na joto likipita nyuzi 35 nyanya huanza kupukutisha maua. Yale maua yaliyodondoka msimu wa pili, ambayo tuliyatafutia dawa tatu tofauti dukani, huenda yalikuwa yanaomba hewa tu.

Niwapeleke Hispania tena, kusini, Almería. Ni pembe kavu kuliko karibu zote za Ulaya, mvua yake kwa mwaka ni kama milimita 200. Wakulima wa pale walikuwa maskini, wakilima zabibu za mezani kwenye vichanja vya nguzo na waya. Mwaka 1963, huko Roquetas de Mar, wataalamu wa serikali walijaribu kutandaza plastiki juu ya kichanja kilekile cha zabibu. Kikafaa. Udongo wao mbaya walikuwa tayari wameanza kuufunika kwa samadi na mchanga. Leo vitalu vya eneo lile vinazidi hekta 30,000, vinaonekana kwenye picha za satelaiti kama theluji iliyoanguka jangwani. Utafiti wa mwaka 2008 ulionyesha kwamba weupe wa paa hizo unarudisha mwanga mwingi angani kiasi kwamba hewa ya pale ilikuwa inapoa wakati maeneo jirani yanapata joto.

Sisemi ni peponi. Vibarua wengi ni wahamiaji kutoka Morocco na Afrika Magharibi, na Februari 2000 mji wa El Ejido ulishuhudia siku kadhaa za ghasia dhidi yao. Mwaka 2012 nyangumi alikutwa amekufa pwani ya kusini tumboni akiwa na karatasi za vitalu hivyohivyo. Ninachotaka mkione ni kwamba walichukua kichanja chao, mchanga wao na upepo wao, wakaongeza plastiki. Hawakununua sanduku zima kutoka kwenye nchi ya theluji.

Kwetu plastiki iliingia na waridi. Miaka ya 1980 na 1990 mashamba ya maua yalienea kuzunguka Ziwa Naivasha kule Kenya, na huku kwetu Usa River, hatua chache kutoka kwa mama. Kampuni zile zina wataalamu, maabara na pesa za kubadilisha udongo. Baadaye wauzaji wakashuka kwa mkulima mdogo na vitalu vya mita chache, na mwishoni mwa miaka ya 2010 serikali nayo ikawa inawafundisha vijana mikoani ufundi wa vitalu nyumba. Wengine wamefanikiwa, sibishi. Lakini kitalu kidogo kilichosimikwa kwenye zege kina tatizo moja ambalo sikuliandika kwa sababu sikuliuliza: mazao hayazunguki. Shamba la wazi unalima nyanya mwaka huu, mwakani mahindi. Ndani ya kitalu cha mamilioni, nani atapanda mahindi? Unapanda nyanya juu ya nyanya juu ya nyanya, labda hoho katikati, na hoho naye ni ndugu wa nyanya. Mnyauko unawala wote hao pamoja na bilinganya na viazi mviringo. Tulimwandalia mgeni karamu ya misimu mitatu.

Hapo ndipo nikayarudia magurudumu ya Tiberio. Huko Maine, Marekani, mkulima na mwandishi Eliot Coleman kwa miaka mingi amekuwa na vitalu vya plastiki vinavyosogezwa kutoka kiwanja kimoja hadi kingine, ili udongo upumzike kwenye mvua na jua. Miaka elfu mbili, na wazo ni lilelile: paa na bustani si lazima vifunge ndoa.

Basi, mitaro. Upande wa juu wa shamba, ambako nyanya haijawahi kupandwa, tumepigilia vipande vya nondo ardhini kwa mistari miwili, upana mita 3 na nusu. Juu ya nondo tumechomeka mabomba ya maji ya plastiki ya mita 6, tukayapinda kuwa matao. Katikati nasimama wima bila shida. Mabomba ya PVC yana tabia ya kuila nailoni pale yanapogusana, kwa hiyo mama amechana khanga zake kuukuu akayafunga yote kama majeruhi. Nailoni tumeikata kwenye kuta za kile kitalu kikubwa, sehemu ambazo jua halijazichosha. Inafunika paa na kuishia mita moja kutoka ardhini, imebanwa kwenye mirunda. Pembeni wazi. Ulaya huchimba mtaro ili kuizika nailoni iwe ngumu dhidi ya upepo na baridi. Sisi tumechimba mtaro wa kuyapokea maji ya paani na kuyapeleka mbali, maana bakteria wale husafiri na maji. Viatu na majembe ya upande wa chini hayapandi juu bila kuoshwa kwa dawa. Bwana shamba ametuahidi pia miche ya nyanya iliyopandikizwa juu ya shina la bilinganya linalostahimili mnyauko.

Gharama sijamaliza kujumlisha, ila ni ndogo kiasi kwamba nikimtazama mama nainamisha macho. Msimu ukiisha tutayang'oa matao na kuhamia pembeni.

Mhariri nimemwomba nafasi ya makala nyingine. Amesema habari ya kitalu kilichokufa haiuzi. Nitamwomba tena.

Na yale mabomba ya chuma? Jumapili iliyopita nimekuta mama ameshavua nailoni yote iliyobaki, amefunga waya kutoka bomba hadi bomba, na chini ya kila bomba kuna mche wa pasheni. Katikati amepanda mahindi.

"Nimeona nisikusubiri," akasema.