Mama Julienne Lusenge na Haki ya Mwanamke Juu ya Mwili Wake



Katika toleo hili la kumbukumbu tumeona vema kusimulia habari za Mama Julienne Lusenge wa Kongo, nchi tunayoitazama kila siku kutoka hapa Mururu, ng'ambo ya mto Rusizi.

Mama Lusenge alikuwa mtangazaji wa redio. Mwaka 2000, vita vikiendelea mashariki mwa Kongo, yeye na wenzake waliunda shirika la SOFEPADI. Mjini Bunia shirika hilo lilianzisha kituo cha Karibuni Wa Mama, ambamo waliobakwa hupata matibabu, faraja na msaada wa kufika mahakamani.

Sheria nazo zilisogea. Mwaka 2006 Kongo ilitunga sheria kali zaidi dhidi ya ubakaji. Mwaka 2018 Itifaki ya Maputo ilichapishwa katika gazeti la serikali. Kifungu chake cha 14 kinampa mwanamke haki ya kuamua kama atazaa, na lini.

Lakini sura inayotugusa zaidi sisi wa kambini ni ya Ebola, iliyosumbua Kivu Kaskazini na Ituri tangu Agosti 2018 hadi Juni 2020. Wanawake walieleza kwamba baadhi ya waliokuja kuwaokoa waliwadai ngono ili wawape kazi. Shirika la Afya Duniani likaunda tume huru, na Mama Lusenge akawa mwenyekiti mwenza pamoja na Aïchatou Mindaoudou wa Niger. Taarifa yao ya Septemba 2021 ilitaja watuhumiwa 83, na 21 kati yao walikuwa wameajiriwa na shirika hilo lenyewe. Ilitaja pia mimba 29, na kwamba baadhi ya wahusika waliwashurutisha wanawake kuzitoa.

Hapo ndipo tunapoielewa haki hii. Kumlazimisha mwanamke kuzaa na kumlazimisha kutoa mimba ni kosa moja, maana uamuzi umenyang'anywa mwenyewe.

Mwaka 2023 Mama Lusenge alipewa Tuzo ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa. Sisi walimu tunaona heshima anayoistahili zaidi ni kufuata mfano wake. Aliyebakwa asifichwe nyumbani: apelekwe zahanati mapema, kabla ya saa 72 kupita, apate dawa za kuzuia ukimwi na mimba. Na ninyi watumishi, mtusaidie kulinda jambo hili: posho, shitingi wala kazi visiwe kamwe bei ya mwili wa mtu.