Vyama vidogo Marekani: sahihi, tarehe na karatasi ya kura

Mwaka 1968, mjini Columbus, makao makuu ya jimbo la Ohio nchini Marekani, chama kipya cha siasa kilikuwa na sahihi za wapiga kura zaidi ya 450,000. Kiliambiwa kimechelewa.

Chama hicho, American Independent, kilianzishwa Ohio mwezi Januari mwaka huo ili kumsimamisha George Wallace, gavana wa zamani wa Alabama, agombee urais. Sheria ya Ohio ilikitaka chama kipya kikusanye sahihi zinazolingana na asilimia 15 ya kura za uchaguzi wa gavana uliotangulia. Hizo zilikuwa sahihi 433,100. Wafuasi wa Wallace waliivuka idadi hiyo kwa kazi ya miezi sita hivi, lakini siku ya mwisho ilikuwa tarehe 7 Februari, majuma machache tu baada ya chama kuzaliwa. Republican na Democratic havikuhitaji sahihi hizo. Vilitosheka na asilimia 10 ya kura za ugavana.

Tarehe 15 Oktoba 1968 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika hukumu iliyoandikwa na Jaji Hugo Black, ilisema sheria hizo zinavinyima vyama vipya haki ya kulindwa sawa na vingine. Jina la Wallace likaingizwa kwenye karatasi ya kura. Ni kinaya kikubwa: mlango huo ulifunguliwa na mtu ambaye mwaka 1963 alisimama mlangoni mwa Chuo Kikuu cha Alabama kuwazuia wanafunzi Weusi wasiingie.

Chama kingine kilichoshtaki, Socialist Labor, kilikuwa na wanachama 108 tu Ohio. Kilishinda kwa hoja, lakini mgombea wake hakuwekwa mwaka huo, kwa kuwa kilichelewa kufika mahakamani.

Ohio haikuacha kubishana na kalenda. Mwaka 1980 John Anderson, mbunge kutoka Illinois, alitangaza kuwania urais kama mgombea binafsi tarehe 24 Aprili. Siku ya mwisho ya Ohio ilikuwa tarehe 20 Machi. Alipeleka sahihi zipatazo 14,500, hali zilizotakiwa ni 5,000, zikakataliwa. Mahakama ya ngazi ya chini ilimrudisha kwenye uchaguzi; Mahakama ya Juu ilimpa ushindi wa mwisho mwaka 1983, kwa kura tano dhidi ya nne.

Kwa msikilizaji wa Afrika Mashariki, mambo haya si mageni. Tanzania iliporejesha vyama vingi mwaka 1992, chama kilichoomba usajili wa kudumu kilitakiwa kuonyesha wanachama 200 katika kila mkoa kwa mikoa isiyopungua kumi, Unguja na Pemba zikiwamo. Tofauti ni kwamba Marekani kila jimbo lina sheria yake.

Ukivuka mto Ohio kwenda kusini unafika Louisville, mji alikozaliwa Muhammad Ali, katika jimbo la Kentucky. Huko sahihi 5,000 zamtosha mgombea urais, na chama kikipata asilimia mbili ya kura za urais hupumzika miaka minne bila kuomba sahihi. Libertarian kilivuka kiwango hicho mwaka 2016. Mwaka 2020 kikashindwa, na kazi ya barabarani ikaanza upya.

New York, mwaka 2020, iliongeza sahihi za kuwania ugavana kutoka 15,000 hadi 45,000, za kukusanywa kwa siku 42. Uchaguzi wa 2022 ulikuwa na wagombea wawili tu kwenye karatasi.

Katika jimbo hilohilo, mjini Buffalo, meya Byron Brown alishindwa na muuguzi India Walton katika kura ya mchujo ya Democratic, Juni 2021. Wafuasi wake wakakusanya sahihi kwa jina la chama kipya, Buffalo Party, wakaziwasilisha Agosti. Muda ulikuwa umekwisha tangu Mei. Mawakili wake walileta hoja iliyofanana na ya Anderson, kwamba tarehe iliwekwa mapema mno. Majaji wawili walimkubalia. Mahakama za rufaa zikabatilisha mwezi Septemba.

Brown akawaomba wapiga kura waandike jina lake kwa mkono, na wengine wakapewa mihuri ya wino yenye jina hilo. Novemba, akiwa hayumo kwenye orodha iliyochapishwa, alichaguliwa tena kuwa meya.