Jaza Gesi Kwanza: Kiyoyozi cha Gari na Soko la Kariakoo

Gari likianza kupuliza hewa ya moto katikati ya foleni ya Mtaa wa Msimbazi, ushauri wa kwanza anaopewa mwenye gari ni kwenda kujaza gesi. Ushauri huo umezoeleka Kariakoo na Gerezani kiasi kwamba anayetaka kupimiwa kwanza huonekana msumbufu. Wanaoubeza husema mafundi wetu hawakusoma. Kwa maoni yangu, chanzo kiko sokoni: mazoea haya yametokana na namna magari yalivyotufikia na namna spea zinavyouzwa.

Kabla ya miaka ya 1980, Land Rover na Peugeot nyingi za Dar es Salaam zilipozwa kwa kushusha vioo. Mambo yaligeuka mwaka 1984, Serikali iliporuhusu mwenye fedha zake za kigeni kuagiza bidhaa mwenyewe, na zaidi baada ya Mwinyi kushika urais mwaka uliofuata. Magari yaliyotumika Japani yalipoanza kumiminika, yalikuja na kiyoyozi ndani na maandishi ya Kijapani chini ya boneti. Tena yalikuja wakati dunia inabadilisha gesi ya viyoyozi. Mkataba wa Montreal wa 1987, ambao Tanzania ilijiunga nao mwaka 1993, uliiondoa R12, gesi ya zamani, kwa kuwa iliharibu tabaka la ozoni, na viwanda vya magari vikahamia R134a. Fundi akawa anapokea Corolla mbili zinazofanana kwa nje, kila moja na gesi yake. Oili iliyotembea na R12 haichanganyiki na R134a. Ukibadili gesi ukaiacha oili ileile, hairudi vizuri kwenye kompresa, na kompresa hujisaga yenyewe. Hapo kujaza tu kulikuwa kuua kifaa polepole, huku mteja akiondoka na ubaridi wake.

Mtetezi wa mazoea haya atauliza: mbona gari likijazwa linapoa? Linapoa, ndiyo. Lakini gesi ya kiyoyozi hailiwi kama petroli. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa. Ikipungua sana, imevuja mahali, na pasipozibwa itavuja tena. Isitoshe, joto lina sababu nyingine tele. Gari linalopoa likiwa mwendoni na kupuliza hewa ya moto kwenye foleni mara nyingi lina feni ya kondensa iliyokufa, au kondensa imezibwa na vumbi. Geji zikionyesha presha ya chini imepanda na ya juu imeshuka, kompresa imechoka. Zikipanda zote mbili, huenda gesi imezidi, na fundi anayeongeza nyingine anazidisha joto analolipwa kuliondoa. Pengine hata gesi haihusiki: kilango kinachochanganya hewa ya hita kimekwama, basi.

Hayo yote yanafundishika, na VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi, imekuwapo tangu 1994. Kwa hiyo hoja ya elimu peke yake haitoshi. Kijana aliyefuzu anarudi mtaa uleule ambako mteja hulipia kitu anachokishika mkononi: kopo la gesi, feni, kompresa iliyong'olewa kwenye gari jingine. Saa nzima ya kutafuta tundu kwa povu la sabuni haina bei. Na kwa kuwa duka la spea liko hatua chache tu, kubadilisha kifaa kumekuwa ndiyo njia ya kupima. Kikishindwa, kinajaribiwa kingine. Si ujinga huo. Ni hesabu, maadamu gesi ni rahisi na anayelipia makosa ni mwenye gari.

Hesabu hiyo inaanza kubadilika. Makubaliano ya Kigali ya 2016 yanapunguza matumizi ya R134a nayo, kwa kuwa inachangia joto la dunia, na magari mapya mengi yanatoka kiwandani na R1234yf, iliyo ghali zaidi na inayoweza kuwaka. Magari hayo yakishachakaa ughaibuni yatafika Gerezani kama wenzao walivyofika, na kopo moja likivujia kwenye tundu lisilozibwa, mteja atauliza kwa nini tundu hilo halikutafutwa kwanza.