Jan Pieterszoon Sweelinck: Mpiga Kinanda Aliyebaki Mlangoni



Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Hati juu ya Liturujia ya mwaka 1963, ulielekeza kwamba kinanda cha mabomba kipewe heshima kubwa katika Kanisa la Kilatini. Juma hili tunapenda kutafakari maisha ya mtu aliyekipiga chombo hicho kwa zaidi ya miaka 40 ndani ya kanisa ambamo kilikuwa kimekatazwa kusikika wakati wa ibada. Ndiye Jan Pieterszoon Sweelinck, mtunzi mkuu wa muziki ambaye Uholanzi imepata kumzaa.

Alizaliwa mwaka 1562 katika mji wa Deventer. Akiwa bado mdogo, familia yake ilihamia Amsterdam, ambako baba yake alipewa kazi ya kupiga kinanda katika Oude Kerk, yaani Kanisa la Kale. Baba huyo alifariki mwaka 1573, akamwacha mtoto wa miaka kama 11. Miongoni mwa waliomfundisha kijana huyo alikuwa paroko wa kanisa hilohilo, Padre Jacob Buyck.

Kisha ikaja Mei 1578. Watawala Wakatoliki wa Amsterdam waliondolewa madarakani, mapadre wakafukuzwa mjini, na Padre Buyck akawa miongoni mwao. Altare na sanamu zikaondolewa, na Oude Kerk ikawa mikononi mwa Wakalvini. Hao waliona kuwa sauti ya kinanda huivuta akili ya muumini mbali na Neno la Mungu. Sinodi yao iliyokutana Dordrecht mwaka 1574 ilikuwa imeshaamua upigaji wa vinanda makanisani ukomeshwe. Zaburi ziimbwe kwa sauti za watu tu, basi.

Lakini vinanda vilikuwa mali ya mji, na baraza la mji halikutaka vinyamaze. Likaendelea kumlipa mpiga kinanda, naye akipiga saa nzima asubuhi na saa nzima jioni, kabla ya ibada au baada yake. Hivyo ndivyo kijana Sweelinck, ambaye hesabu za mwaka 1580 zinamwonyesha tayari yumo kazini, alivyojikuta akiitumikia nyumba ya Mungu akiwa, tuseme, mlangoni. Ibada ilipoanza, vidole vyake vilitulia.

Tunaweza kufikiri kwamba nafasi ya namna hiyo ingemvunja moyo. Kumbe ndiyo iliyomkuza. Kwa kuwa hakufungwa na utaratibu wa ibada, alikuwa na uhuru wa kuchukua wazo moja dogo la muziki na kulifuatilia kwa muda mrefu: sauti moja ikilianza, ya pili ikilipokea, ya tatu ikilirudia, kisha wazo likirefushwa, likifupishwa, hata kujibiwa kwa mwangwi. Wageni waliofika mjini walipelekwa kumsikiliza. Mwenyewe alisafiri mara chache, na kwa kawaida kwa shughuli za kazi, kama mwaka 1604 alipokwenda Antwerp kuununulia mji wake chombo cha muziki.

Katika utunzi wa nyimbo hakuupalilia ugomvi wa zama zake. Alizitungia muziki wa sauti nyingi Zaburi zote 150, kwa maneno ya Kifaransa na tuni zilizotoka Geneva kwa Wakalvini, na kazi hiyo ilitolewa katika vitabu vinne kati ya 1604 na 1621. Hata hivyo, mwaka 1619 alichapisha huko Antwerp, mji wa Kikatoliki, nyimbo takatifu 37 za Kilatini kwa sauti tano, na nyingi kati yake zina maneno ya liturujia yetu. Pande mbili zilizokuwa zikipigana vita zilipokea sifa za Mungu kutoka mkono mmoja.

Jambo la kushangaza zaidi ni hili: hakuna hata kipande kimoja cha muziki wake wa kinanda kilichochapwa alipokuwa hai. Vipande kama 70 tulivyo navyo vimetufikia kwa nakala za mkono, nyingi zikiwa za wanafunzi wake na za wanafunzi wao. Kutoka Ujerumani walimjia Samuel Scheidt, Jacob Praetorius, Heinrich Scheidemann na wengine, hata huko Hamburg akaitwa mtengeneza wapiga vinanda. Scheidemann akamfundisha Johann Adam Reincken. Na Johann Sebastian Bach, akiwa kijana, alisafiri hadi Hamburg kumsikiliza Reincken.

Sweelinck alifariki tarehe 16 Oktoba 1621, akazikwa katika Oude Kerk. Mwanawe Dirck akashika nafasi yake kwenye kinanda.

Wapendwa, wako kati yetu wanaoitumikia nyumba ya Mungu katika nafasi ambayo si ile waliyoitamani. Sweelinck hakususa wala hakukimbia. Aliifanya vema saa aliyopewa, akawafundisha waliomjia. Walimu wa kwaya, msizifungie nyimbo zenu kabatini. Mpeni kijana anakili, mkalisheni kwenye kinanda. Muziki wa mtu huyu umedumu karne nne kwa sababu alikuwa na wanafunzi waliompenda kiasi cha kuketi na kunakili.