Figo Zilizokuwa Zikizikwa

Mwaka 2001 hospitali ya serikali mjini Homa Bay ilianza kutoa dawa za kupunguza makali ya virusi vya Ukimwi bila malipo, ikisaidiwa na Madaktari Wasio na Mipaka. Hakuna hospitali nyingine ya umma nchini Kenya iliyokuwa imeitangulia. Wagonjwa wengi waliletwa hoi siku hizo, na nani angekuwa na muda wa kufikiria hali ya figo zao baada ya miaka 20?

Miaka hiyo imetimia. Waliookolewa na vidonge wamefikia umri wa kuugua shinikizo la damu na kisukari, magonjwa mawili yanayoharibu figo kuliko mengine. Virusi vyenyewe navyo hushambulia figo, na tenofovir, dawa inayotumiwa na wengi, wakati mwingine huzidhuru. Utafiti wa kitaifa wa 2018 ulikuta asilimia 19.6 ya watu wazima Homa Bay wanaishi na virusi, na asilimia 13 Migori, ilhali wastani wa nchi ulikuwa 4.9. Kwa hiyo kilichofanyika Cape Town mwaka 2008 kinauhusu ukanda huu wa ziwa kuliko pengine popote nchini.

Huko, katika Hospitali ya Groote Schuur, ile ile ambako Christiaan Barnard alipandikiza moyo wa kwanza wa binadamu mwaka 1967, daktari wa upasuaji Elmi Muller alikuwa amekwama. Mashine za kusafisha damu katika hospitali za umma zilikuwa chache, na mgonjwa wa figo mwenye virusi alikuwa akinyimwa nafasi. Kumnyima ni kumwacha afe. Upande wa pili, watu waliofariki wakiwa na virusi walizikwa na figo nzima, kwa kuwa hakuna aliyethubutu kuzitoa kwa mtu mwingine. Muller akaunganisha pande hizo mbili: figo ya marehemu mwenye virusi apewe mgonjwa ambaye tayari anavyo.

Wapo waliopinga. Je, mpokeaji akiletewa aina nyingine ya virusi, iliyo sugu kwa dawa? Hoja hiyo haikuwa ya kupuuzwa. Ndiyo maana Muller alichagua wafadhili ambao hawakuwahi kutumia dawa za virusi, au waliotumia zile za awali tu, na wapokeaji ambao virusi vyao havikuonekana tena kwenye vipimo. Mwaka 2010 alichapisha habari za wagonjwa wanne katika jarida la New England Journal of Medicine. Mwaka 2015 akarudi na 27: baada ya miaka mitano asilimia 74 walikuwa hai, na virusi vilikuwa vimedhibitiwa.

Marekani, ambayo sheria yake ilikataza jambo hilo, iliibadilisha Novemba 2013. Mwaka 2019, katika hospitali ya Johns Hopkins, Nina Martinez akawa mtu wa kwanza aliye hai na mwenye virusi kutoa figo nchini humo. Safari hii somo lilitoka Afrika kwenda kwa wakubwa, jambo ambalo vitabu vya tiba havina mazoea ya kulisimulia.

Kenya je? Homa Bay na Migori zina mashine za kusafisha damu katika hospitali zao za kaunti, lakini anayetaka figo mpya husafiri hadi miji kama Eldoret au Nairobi, na kwa kawaida lazima aende na ndugu aliye tayari kutoa yake. Katika familia ambayo ndugu kadhaa wana virusi, mfadhili atapatikana wapi? Sheria ya Afya ya 2017 inamruhusu mtu kuusia viungo vyake, na inakataza kuviuza. Hata hivyo, utaratibu wa kutumia figo za marehemu haujajengeka, na Aprili 2025 serikali ilisimamisha upandikizaji katika hospitali moja ya binafsi Eldoret kufuatia tuhuma za biashara ya figo. Pale ambapo figo hutoka kwa walio hai peke yao, maskini ndiye huwindwa.

Wizara ya Afya ina wajibu wa kuujenga utaratibu huo. Nawe msomaji unayechukua dawa kila mwezi, omba upimwe mkojo na kreatinini ya damu: figo huharibika kimyakimya, na tatizo likigunduliwa mapema huenda usihitaji figo ya mtu mwingine.