Bwana Msa: Mfahamu mpelelezi wa Zanzibar anayefananishwa na Sherlock

Kama uko Nakwa au kokote kule Babati na umeshaimaliza Sherlock kwenye simu, kuna mpelelezi mwingine wa kumfuatilia, na huyu hahitaji kutafsiriwa. Anaitwa Bwana Msa.

Sherlock ni tamthilia ya BBC yenye vipindi 13, iliyorushwa kati ya 2010 na 2017. Benedict Cumberbatch ndiye Sherlock Holmes. Chanzo chake ni vitabu vya Arthur Conan Doyle, vilivyoanza kutoka 1887, ila BBC ilimtoa Holmes kwenye magari ya farasi ikampa simu janja.

Bwana Msa naye ni mtu wa vitabuni. Alibuniwa na Mohamed Said Abdulla, aliyezaliwa Makunduchi, Unguja, mwaka 1918, akafanya kazi ya bwana afya kabla ya kuwa mwandishi wa habari. (Ndiyo, M, S na A ni herufi za mwanzo za majina yake.) Riwaya yake Mzimu wa Watu wa Kale ilishinda shindano la East African Literature Bureau la 1957/58, ikachapishwa 1960.

Kufanana na Holmes kupo wazi: Msa anavuta kiko, anatumia akili kuliko nguvu, na ana Najum kama mwenzake alivyo na Watson. Lakini kuna kufanana kwingine kwa maana zaidi. Wote wawili hupelekwa mahali penye hofu. Katika The Hound of the Baskervilles ya 1902, watu wanaamini kuna mbwa wa kishetani anayeiandama familia moja. BBC waliirudia hadithi hiyo 2012, safari hii kukiwa na kituo cha siri cha jeshi.

Kwa Msa, maiti ya Bwana Ali inakutwa kwenye mzimu wenyewe. Hapo ni rahisi mno kusema wazee wa kale wamekasirika, kesi ikaishia hapo. Msa hakubali. Anatafuta mtu.

Hata Kisima cha Giningi (1968) kina jina la kutisha, maana Giningi katika masimulizi ya Zanzibar ni makazi ya wachawi.

Si jambo dogo hilo. Kanda ya Ziwa vikongwe wameuawa kwa tuhuma za uchawi, "ushahidi" ukiwa macho mekundu, wakati moshi wa jikoni unatosha kuyafanya macho kuwa hivyo. Mtu kama Msa angeanzia jikoni.

Waliokuja baadaye, kama Willy Gamba wa Elvis Musiba, wana bastola na mbio nyingi. Msa ni wa polepole, wakati mwingine polepole kweli, lakini ukishamzoea humwachi.

Wa kuanza naye ni Mzimu, kisha Kisima. Duniani Kuna Watu (1973) na Siri ya Sifuri (1974) vinafuata. Kosa la Bwana Msa kilitoka 1984, mwaka uleule ITV ya Uingereza ilipoanza kurusha Holmes wa Jeremy Brett. Abdulla alifariki 1991.