Hofu ya Oksijeni: Vidonge vya Vitamini Viliingiaje Kwenye Begi la Kijana wa Mazoezi?

Kwenye begi la kijana wa miaka 16 anayejifua kwa nguvu, si ajabu kukuta, pembeni ya raba na taulo, kichupa cha vitamini C cha miligramu 1,000. Muulize cha nini, jibu linakuja fasta: "Ya kuondoa sumu za mazoezi." Sumu zipi hizo, na nani alisema lazima ziondolewe? Stori yake ni ndefu, na haikuanzia gym. Ilianzia wodi ya watoto njiti.

Miaka ya 1940 na mwanzoni mwa 1950, hospitali za Marekani na Ulaya ziliwaweka watoto njiti kwenye vile visanduku vya kuwatunzia joto, wakamiminiwa oksijeni nyingi kwa nia njema kabisa. Maelfu wakapofuka. Mmoja wao, aliyezaliwa Michigan mwaka 1950, alikuja kuwa nyota mkubwa wa Motown, yule wa kinanda, harmonika na miwani myeusi (wajanja wameshamjua). Hewa ileile inayompa mtu uhai ilikuwa imeharibu mishipa midogo ya macho.

Mwaka 1954, mwanamama mmoja wa Argentina aliyekuwa akifanya utafiti Rochester, jimbo la New York, akatoka na hoja nzito: oksijeni ikizidi inadhuru kwa njia ileile ya mionzi ya eksirei. Vyote viwili vinazalisha mwilini kitu kinachoitwa radikali huru, yaani molekuli yenye elektroni isiyo na mwenza, inayopora elektroni kwa jirani yake. Ni kama abiria aliyekosa siti kwenye daladala. Anamsukuma wa kwanza, wa kwanza anamsukuma wa pili, mpaka gari zima linakuwa vurugu. Mwilini vurugu hiyo inagusa mafuta ya kuta za seli, protini, hata DNA.

Miaka miwili baadaye, daktari mmoja aliyewahi kuwa mkemia wa kampuni ya mafuta akaenda mbali zaidi, akadai kuwa hizo radikali ndizo zinazomzeesha binadamu. Wengi hawakumchukulia siriasi. Lakini mwaka 1969 watu wawili wa Chuo Kikuu cha Duke, profesa na mwanafunzi wake, walieleza kimeng'enya ambacho kazi yake ni kuzima radikali moja ya oksijeni. Hapo mambo yakabadilika. Kama mwili una zimamoto wake, basi moto upo kila siku.

Sasa ingiza mazoezi. Mtu anayekimbia kwa nguvu zote anaweza kutumia oksijeni mara 10 au zaidi ya anayotumia akiwa amekaa. Mwaka 1978 watafiti wa California waliwapandisha watu kwenye baiskeli ya mazoezi na kupima hewa waliyoitoa. Wakakuta gesi inayotokana na mafuta ya mwili kuoksidishwa imeongezeka, na walipowapa vitamini E ikapungua. Mwaka 1982, Berkeley, panya walikimbizwa mpaka wakaishiwa nguvu kabisa. Radikali kwenye misuli na ini zilikuwa zimepanda mara mbili hadi tatu. Mwaka 1985 profesa mmoja wa Düsseldorf, Ujerumani, akaipa hali hiyo jina lililobaki mpaka leo: mkazo wa oksidishaji.

Ndani ya ripoti ileile ya Berkeley watafiti waligusia kwamba huenda huo uharibifu mdogo ndio kengele inayouambia mwili utengeneze mitokondria zaidi, yaani mitambo ya nishati ndani ya misuli. Kwa maneno mengine, yule anayeitwa sumu huenda ndiye kocha. Wauza vidonge hawakuwa na haja ya kufika huko. Walikuwa tayari na mshindi wa Nobel mbili, ambaye mwaka 1970 alitoa kitabu cha kusifia vitamini C na mwenyewe akawa anameza dozi kubwa kila siku. Nani ambishie mtu wa Nobel mbili?

Na neno "vitamini" lina historia chafu kwa vijana kuliko wengi wanavyojua. Ujerumani Mashariki, miaka ya 1970, wasichana waogeleaji walipewa vidonge vya bluu na kuambiwa ni vitamini. Vilikuwa homoni za kiume. Kwenye Olimpiki ya Montreal mwaka 1976 wanawake wa nchi hiyo walibeba dhahabu 11 kati ya 13 za kuogelea, na baadhi yao walibaki na madhara ya maisha. Mwaka 2000 mahakama ya Berlin iliwatia hatiani vigogo wawili, na wote wakapewa vifungo vya nje. Hicho si kichupa cha vitamini C, hapana. Lakini kinaonyesha jinsi kijana anavyomeza chochote akiambiwa na mtu mzima kwamba kitamlinda.

Hofu ya oksijeni ilianza kupasuka mwaka 1994. Finland iliwafuatilia wanaume 29,133 wavutaji sigara, baadhi wakipewa beta-karotini kama kinga. Waliopewa walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi. Kisha ikafika zamu ya wanamichezo. Mwaka 2008 timu ya Valencia, Hispania, ilionyesha kwamba panya waliofanya mazoezi huku wakipewa vitamini C waliongeza pumzi kidogo sana ukilinganisha na waliofanya bila kupewa. Mwaka 2009, Wajerumani wakawapa vijana wa kiume miligramu 1,000 za vitamini C pamoja na vitamini E kwa wiki nne za mazoezi. Wasiomeza ndio ambao insulini yao ilifanya kazi vizuri zaidi, na vimeng'enya vyao vya asili vya kuzima radikali vikaongezeka. Waliomeza hawakupata faida hiyo. Norway mwaka 2014 ilikuta vidonge vinazuia baadhi ya mabadiliko ndani ya misuli, ingawa pumzi za watu zilipanda sawa tu. Kwa hiyo vidonge havimuui mtu, ila vinaweza kumla jasho lake.

Angalia lakini: wote hao walikuwa watu wazima au panya. Kijana wa miaka 15 hayumo, wakati mwili wake ndio wenye mambo mengi. Mtoto wa miaka 10 akipiga mbio fupi anarudisha nguvu haraka, kwa kuwa misuli yake inategemea zaidi njia ya oksijeni. Balehe ikiingia, anaanza kufanana na mtu mzima: nguvu za ghafla zinaongezeka, na uchovu nao. Papo hapo anarefuka, mifupa inadai chakula, usingizi unaliwa na simu. Mazoezi yakipandishwa taratibu, zimamoto wa mwilini wanaongezeka nao. Yakipandishwa ghafla, kila siku, bila msosi wa maana, moto unawazidi, na hapo kichupa hakiokoi kitu. Vitamini C ya chungwa moja ni kama miligramu 70 tu. Kidonge kimoja cha 1,000 ni sawa na kula machungwa 14 kwa mkupuo, jambo ambalo hakuna bibi aliyewahi kumshauri mjukuu.

Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani, kwenye mwongozo wake wa mwaka 2007 kwa wanamichezo chipukizi, hakikuweka matumaini yake kwenye vidonge. Kilisema mchezo mmoja usizidi siku tano kwa wiki, angalau siku moja iwe ya kupumzika kabisa, na kila mwaka kijana akae miezi miwili hadi mitatu mbali na mchezo huo. Mwambie hivyo kocha wa mtaani anayetaka kombe mwezi ujao.